Tununue Hisa Kabla ya Roketi Kuruka, au Tungoje?

Maswali ya wasomaji kuhusu fedha na uwekezaji

SWALI: Mhariri, mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na wanane hapa Malindi. Tumeweka akiba kwa miaka minne, na mwaka huu tumekubaliana kwamba sehemu ya fedha hizo itoke benki iende mahali itakapozaa zaidi. Mtoto wa kaka yangu, anayeishi Uingereza, ametushauri tununue hisa za kampuni moja ya intaneti ya setilaiti iliyoorodheshwa katika soko la hisa la huko. Kampuni hiyo haijapata kurusha setilaiti hata moja, ila inatarajia kurusha ya kwanza kabla ya mwaka kwisha. Anasema tukingoja hadi setilaiti ifike angani, bei itakuwa imepanda nasi tutabaki kuhesabu faida za wenzetu. Baadhi ya wanachama wanaogopa roketi isije ikalipuka na fedha zetu. Je, tununue sasa au tungoje?
Mweka Hazina, Malindi

JIBU: Bibi Mweka Hazina, nimeisoma barua yako mara mbili, na nimegundua kwamba wanaotaka kununua na wanaoogopa kununua wote wameikodolea macho roketi. Kijana wenu akiitazama anaona bei ikipaa pamoja nayo, na akina mama wakiitazama wanaona moto. Nawaomba muiweke kando kwa muda, kwa sababu katika biashara hii roketi ndiyo sehemu iliyokatiwa bima. Wenye hisa wengi waliopoteza fedha zao katika kampuni za namna hii walizipoteza kwa sababu ya deni, na kwa sababu ya setilaiti nzima iliyo angani ambayo uwezo wake umekosa wanunuzi. Mambo hayo mawili hayana bima.

Nitatumia mfano wa kampuni ambayo habari zake zimekwisha kujulikana mwanzo hadi mwisho, na ambayo huduma yake imewahi kufika hata katika kaunti yenu. Avanti Communications ya London iliingia mwaka 2007 katika AIM, soko la London linalopokea kampuni changa kwa masharti mepesi kuliko yale ya soko kuu. Ilikuwa na mpango mmoja mkubwa, nao ni setilaiti iitwayo HYLAS-1, iliyojengwa na Astrium ya Ulaya kwa kushirikiana na wahandisi wa anga wa India, huku Shirika la Anga la Ulaya likichangia gharama. Mwanzoni ilipangwa kupanda Falcon 9 ya SpaceX, wakati roketi hiyo ilikuwa haijaruka hata mara moja, kisha kampuni ikahamia kwa Arianespace, yenye historia ndefu ya kurusha mizigo ya namna hiyo. Tarehe 26 Novemba 2010, Ariane 5, roketi ya Arianespace, iliondoka Kourou, katika Guiana ya Ufaransa, ikiwa imebeba HYLAS-1 pamoja na setilaiti nyingine, Intelsat 17. Kila kitu kilikwenda sawasawa. Setilaiti ilijitenga na roketi, ikajisogeza kwa injini yake yenyewe hadi kimo cha kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta, na baada ya majaribio ikaanza kutoa huduma Ulaya. Mtu aliyekuwa akiiogopa roketi peke yake angelala usingizi mzito usiku ule.

Mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 26 Desemba 2010, Eutelsat ya Ufaransa ilirusha setilaiti yake ya intaneti, KA-SAT, kutoka Baikonur. HYLAS-1 ilikuwa na miale 8 ya masafa ya Ka, yaani mawimbi ya redio yanayobeba intaneti hiyo, na KA-SAT ilikuwa na 82. Mwale wa setilaiti ni kama mwanga wa tochi unaomulika eneo moja tu la ardhi. Kadiri unavyokuwa na tochi nyingi nyembamba, ndivyo unavyoweza kuyatumia masafa yaleyale tena na tena katika maeneo mbalimbali bila kugongana, na ndivyo gharama ya kumhudumia mteja mmoja inavyoshuka. KA-SAT haikuwa siri, kwa kuwa ilikwisha kutangazwa tangu mwaka 2008. Yeyote aliyetaka kujua Avanti ingeuza intaneti yake kwa bei gani Ulaya angeweza kuisoma habari ya mshindani huyo muda mrefu kabla ya Ariane kuwashwa. Nadhani ni wachache waliofanya hivyo, kwa sababu picha za roketi zinavutia kuliko hesabu za mshindani.

Avanti haikusimama. Tarehe 2 Agosti 2012 ilirusha HYLAS-2, iliyoelekezwa Mashariki ya Kati, Afrika Mashariki na Afrika Kusini, nayo pia ikafika salama. Setilaiti hujengwa kwa fedha za leo na kulipwa na wateja wa miaka kumi na mitano ijayo, kwa hiyo katikati pale lazima mtu akopeshe. Mwaka 2013 kampuni iliuza hati fungani za dola milioni 370 kwa riba ya asilimia 10. Fanyeni hesabu hiyo kwenye daftari la chama: kila mwaka dola milioni 37 ziende kwa wakopeshaji kabla mwenye hisa hajaona senti, setilaiti iwe imejaa wateja au imebaki nusu tupu. Deni likaendelea kukua huku mapato yakichechemea nyuma yake. Mwaka 2018 wakopeshaji waliokuwa wakidai dola milioni 557 walikubali deni lao ligeuzwe kuwa hisa, na kwa makubaliano hayo wakachukua asilimia 92.5 ya kampuni.

Sijui kama wanachama wenu wanaielewa hesabu ya namna hiyo kwa haraka, kwa hiyo nitaileta karibu. Mmeketi mnangoja sinia la pilau mlilolichangia. Kabla halijafika, anatokea mwenye duka aliyewakopesha mchele, nyama na mafuta, na kwa kuwa hamna cha kumlipa, anakaa chini na kulivuta sinia upande wake. Mnachoachiwa ni tonge moja katika kila matonge kumi na matatu. Hakuna aliyeiba, na mpishi hakuunguza kitu. Mwaka huohuo, tarehe 5 Aprili 2018, HYLAS-4 ilirushwa kutoka Kourou, nayo ikafika angani salama kama zilizotangulia. Roketi zote zilitimiza ahadi, na waliokuwa na hisa tangu mwanzo hawakusaidika.

Hapo Kilifi, pamoja na Kajiado, Makueni na Uasin Gishu, shule za msingi ziliunganishwa na intaneti ya setilaiti za Avanti kupitia mradi wa iMlango, uliofadhiliwa na serikali ya Uingereza. Pengine mmoja wa wanachama wenu ana mjukuu aliyefanya hesabu kwenye kompyuta kwa kupitia sahani ile iliyo juu ya paa. Nalisema hili kwa sababu nimeona watu wakichanganya mambo haya mawili: wanaiona huduma inafanya kazi, wanakata shauri kwamba hisa nayo lazima iwe nzuri.

Sasa nirudi kwa hoja ya kijana wenu kwamba bei hupanda baada ya setilaiti kufika. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Bei hupanda, lakini mara nyingi huwa imekwisha kupanda kabla, kwa sababu tarehe ya kurusha inajulikana na kila mtu na wanunuzi hawangoji filimbi. Chukueni AST SpaceMobile ya Texas, inayotaka kuunganisha simu za kawaida moja kwa moja na setilaiti, na ambayo miongoni mwa wawekezaji wake ni Vodafone, jamaa wa Safaricom na Vodacom mnazozijua. Aprili 2024 hisa yake ilikuwa chini ya dola 3, na Agosti mwaka huohuo ilipita dola 30. Setilaiti zake tano za kwanza za kibiashara zilirushwa tarehe 12 Septemba, yaani baada ya mpando huo wote. Katikati ya tarehe hizo mbili za mwanzo, kampuni mbili kubwa za simu za Marekani, AT&T na Verizon, zilitangaza kwamba zitafanya kazi nayo. Mpando mkubwa ulianzia kwenye habari za wateja, na aliyenunua jioni ya kuamkia siku ya kurusha alinunua kwa bei iliyokwisha kubeba matumaini ya watu wengine wote.

Kwa hiyo kabla ya kujibu kama mnunue, kijana na aulizwe maswali ambayo majibu yake yamo ndani ya hesabu za mwaka za kampuni hiyo, ambazo ni lazima izichapishe kwa kuwa imeorodheshwa. Aangalie ni kiasi gani cha uwezo wa setilaiti kimekwisha kuuzwa kwa mikataba inayomfunga mteja kulipa. Asikubali kupewa barua za nia na maneno ya "tuko katika mazungumzo", kwa sababu mtu wa barua ya nia anaweza kuondoka kesho bila kulipa faini. Aangalie fedha taslimu iliyopo itatosha miezi mingapi ikiwa setilaiti itachelewa, kwa sababu setilaiti huchelewa. Kuchelewa mwaka mzima katika kazi hii si jambo la kushangaza. Aangalie deni linaiva lini. Deni linaloiva miaka miwili baada ya kurusha ni hatari kuliko roketi yenyewe, kwa maana wateja hawajai upesi hivyo. Tena aangalie setilaiti za washindani zitakazoelekezwa eneo lilelile katika miaka mitatu ijayo. Akishindwa kuyajibu hayo, basi anachowaletea ni matumaini yake mwenyewe, na ninyi hamkuweka akiba miaka minne ili mnunue matumaini ya mtu.

Jambo jingine halihusu anga kabisa. Barua yako haisemi hisa zitaandikwa kwa jina la nani. Ikiwa zitakaa katika akaunti ya kijana huko Uingereza, basi mbele ya sheria ya huko mwenye hisa ni yeye. Akipata deni, akioa na kuachana, au Mungu akimchukua, akina mama kumi na wanane wa Malindi watakuwa na madai tu. Simtilii shaka, lakini andikeni karatasi inayoeleza kwamba anazishika kwa niaba ya chama, aisaini yeye na nyinyi mbele ya wakili, na kila mwanachama apate nakala.

Ushauri wangu kwa fedha ya chama ni kungoja. Ngojeni setilaiti ifike, ianze kazi, na hesabu za mwaka mzima wa kwanza wa biashara zitoke, mkaone wateja waliolipa badala ya wateja waliotarajiwa. Mtaukosa mpando wa mwanzo kama utakuwapo, na kijana wenu atawakumbusha kila mkikutana, mvumilieni. Mwanachama anayetaka kujaribu bahati kabla ya roketi afanye hivyo kwa fedha yake binafsi, kwa kiasi ambacho kikipotea chote hatalazimika kulieleza jambo hilo nyumbani kwa mumewe wala kwenye mkutano wa chama.

SWALI: Mhariri, nimesikia kwamba setilaiti hukatiwa bima. Ikiwa ni hivyo, mwenye hisa ana haja gani ya kuogopa? Roketi ikilipuka, si bima italipa na kampuni itaanza upya?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu yangu, bima ipo, lakini uliza kwanza inaanza saa ngapi. Tarehe 1 Septemba 2016 huko Cape Canaveral, roketi ya Falcon 9 iliteketea ikiwa imesimama juu ya jukwaa lake wakati wa majaribio, siku mbili kabla ya siku ya kurushwa, ikiwa imebeba setilaiti AMOS-6 ya kampuni ya Spacecom ya Israeli. Facebook na Eutelsat walikuwa wamekubaliana kuikodi sehemu ya setilaiti hiyo ili kuleta intaneti Afrika kusini mwa Sahara. Mark Zuckerberg alikuwa Nairobi siku ileile, na kutoka huko akaandika jinsi alivyosikitika. Kwa kawaida bima ya kurusha huanza injini zinapowashwa kwa nia ya kuondoka, na pale hazikuwa zimewashwa kwa nia hiyo, kwa hiyo hasara iliangukia bima ya aina nyingine, ile inayohusu mizigo iliyo safarini. Bei ya hisa za Spacecom ikaporomoka, na mnunuzi kutoka China aliyekuwa amekubali kuichukua kampuni nzima, kwa sharti la AMOS-6 kufanikiwa, akarudi nyuma.

Uliza pia analipwa nani. Setilaiti iliyojengwa kwa mkopo huwa rehani ya mkopeshaji, na fedha ya bima humfikia yeye kwanza. Kinachobaki kwa mwenye hisa ni kampuni isiyo na setilaiti, ambayo italazimika kungoja miaka miwili au mitatu nyingine ijengwe, huku wateja waliokuwa tayari wakihamia kwingine. Bima hulipa chuma, hailipi muda.

Wala kufika angani si mwisho. Setilaiti ya RASCOM-QAF1, iliyotarajiwa kuunganisha vijiji vya bara letu zima, ilirushwa vizuri na Ariane 5 tarehe 21 Desemba 2007, kisha ikagundulika inavuja gesi ya heliamu inayosukuma mafuta yake. Badala ya miaka kumi na mitano ikabakiwa na takriban miwili, na ya kuichukulia nafasi ilirushwa Agosti 2010. Hivi karibuni zaidi, setilaiti ya kwanza ya ViaSat-3, ya kampuni ya Viasat ya Marekani, ilipanda juu ya roketi ya Falcon Heavy tarehe 30 Aprili 2023, watu wakapiga makofi, na Julai kampuni ikatangaza kwamba antena yake kubwa ilishindwa kukunjuka sawasawa. Hisa za Viasat zikapoteza zaidi ya robo ya thamani yake siku moja, miezi zaidi ya miwili baada ya makofi. Antena ya namna hiyo hukunjwa kama mwavuli ili ienee ndani ya kichwa cha roketi, na hakuna fundi atakayepanda kwenda kuuvuta ubavu uliokwama.

SWALI: Mhariri, kampuni nyingi mpya hazitumii setilaiti moja kubwa, zinatumia mamia ya setilaiti ndogo zilizo karibu na dunia. Je, mrusho wa kwanza wa kampuni ya namna hiyo una uzito uleule kwa mwekezaji?
Msomaji, Kigali

JIBU: Uzito wake ni mdogo zaidi. Setilaiti moja ya kilomita 36,000 juu ya ikweta hubaki mahali pamoja angani na huweza kuanza kuuza huduma peke yake. Zilizo karibu na dunia hupita juu ya Kigali kwa dakika chache na kutoweka, hivyo mteja hapati huduma isiyokatika hadi ziwe nyingi za kupokezana. Mrusho wa kwanza wa kampuni kama hiyo ni jaribio, na gharama kubwa bado iko mbele.

OneWeb ilianzishwa na Greg Wyler, ambaye kwenu mnamkumbuka kwa kazi yake ya kutandaza nyaya na simu Rwanda miaka ya 2000. Ilirusha setilaiti 6 za kwanza tarehe 27 Februari 2019, wakati mpango wake ulihitaji zaidi ya 600. Tarehe 21 Machi 2020 ikarusha 34 kwa mpigo kutoka Baikonur, zikafikia 74 kwa jumla, na zote zikatoka salama. Siku sita baadaye, tarehe 27 Machi, iliomba ulinzi wa mahakama ya Marekani dhidi ya wadai wake, kwa sababu SoftBank, mwekezaji wake mkuu, alikataa kuongeza fedha. Serikali ya Uingereza na Bharti ya India waliinunua baadaye mwaka huo, kila mmoja akiahidi dola milioni 500, na chini yao zilizobaki zikaendelea kurushwa.

Ukitaka kuikadiria kampuni kama hiyo, chukua idadi ya setilaiti inazozihitaji ili kuanza kuuza, toa zilizokwisha kurushwa, kisha uliza fedha za kujenga na kurusha zilizosalia ziko kwa nani. Zikiwa bado mfukoni mwa mwekezaji mmoja ambaye hajasaini, basi ana uwezo wa kuifunga kampuni kwa simu moja. Mwaka 2023 OneWeb iliungana na Eutelsat, ileile yenye KA-SAT niliyoitaja katika jibu la kwanza, na leo ukitaka kununua sehemu yake utazinunua hisa za Eutelsat katika soko la Paris, pamoja na madeni ya pande zote mbili.